Nimeenda Varosha kule Saiprasi, mbona wenyewe hawarudi?

binti_kilifi
Jamani habari zenu. Nasoma Saiprasi ya kaskazini, hapa Famagusta, mwaka wa pili. Jumamosi tulikodi baiskeli na wenzangu tukaingia Varosha, ule mji wa mahoteli uliohamwa wakati wa vita. Walahi bichi ni nzuri, mchanga laini kama unga, kuna viti na miavuli watu wanaogelea, lakini ukigeuka nyuma ni magorofa matupu hayana milango wala madirisha, mti umeota ndani ukatokea kwa roshani. Barabara wameweka lami mpya na kamba pembeni usiingie kwa majumba. Nilishindwa hata kula aiskrimu yangu. Nini kilitokea haswa na mbona watu hawajarudi? Na sisi kwenda kupiga picha pale ni sawa kweli?

mzee_kobe
Binti yangu, nilikaa huko miaka saba. 15 Julai 1974 wanajeshi waliotaka kisiwa kiungane na Ugiriki walipindua serikali, siku tano baadaye Uturuki ikaingiza jeshi ikisema inawalinda Waturuki wa kisiwa. Agosti jeshi likasonga tena, wakazi wa Varosha ambao wengi ni Wagiriki wakakimbilia kusini wakijua ni siku mbili tatu tu warudi. Jeshi likazungusha seng'enge basi. Watu hudhani mabomu ndo yaliumaliza ule mji, yalipiga ndio, lakini kilichoumaliza ni kufungiwa. Uliwekwa rehani, mkikubali masharti yetu kwenye mazungumzo tutawarudishia, na mazungumzo hayajaisha mpaka leo. Umoja wa Mataifa ulishasema 1984, azimio 550, asikalishwe mtu pale ila wenyewe. Hiyo sehemu mliyoendesha baiskeli ilifunguliwa Oktoba 2020. Kuna tume ya kudai mali lakini ni ya upande wa kaskazini, serikali inayotambuliwa na Uturuki peke yake, kwa hiyo wengi wanaona ukienda kudai pale ni kama umeshaikubali.

makuti_chakavu
Mimi hizo habari za Elizabeth Taylor, yule mwigizaji wa Hollywood, kushukia pale zimenichosha, kila video lazima atajwe, ila aliyekuwa akimtandikia kitanda hakuna anayemuuliza. Nilikuwa weita huku pwani yetu ya Kenya, 2014 Uingereza ikatoa onyo la usalama, wageni wakarudishwa kwao likizo haijaisha, hoteli yetu ikafungwa. Tukaambiwa mkapumzike kidogo mtaitwa. Simu ninayo mpaka leo laini haijabadilika. Nilipita juzi, makuti yameoza, bwawa la kuogelea limejaa majani, kima ndo wageni.

Shangazi Zuu
Mimi singeenda. Nyumba ya mtu aliyekimbia na nguo aliyovaa we unaikodia baiskeli uitazame? Hapana.

mzee_kobe
Dada Zuu nakuelewa, ila hao wenyewe pia wanakuja. Tangu 2003 walipofungua njia za kuvuka mpaka wanavuka kutoka kusini, na siku hizi utawakuta kwa hizo kamba wanawaonyesha wajukuu madirisha. Na we binti usijaribu kuvuka kwenda kusini na viza yako ya masomo, kama uliingia kupitia Ercan, uwanja wa ndege wa huko kaskazini, kusini wanahesabu umeingia kinyume cha sheria.

binti_kilifi
Asanteni. Mzee ulivyosema hiyo ya madirisha nimeishiwa nguvu. Kuna bibi mmoja alinisimamisha pale, anaongea Kigiriki sielewi kitu, akanipa simu nimpige picha, nyuma yake ni kijumba tu cha gorofa mbili, wala si hoteli. Nikajua ni mtalii. Na vile amenuna mimi namwashiria kwa vidole mdomoni, tabasamu bibi, tabasamu.