Tupeane uzoefu: wazee wetu wanaoteswa ndani ya nyumba zetu wenyewe, Moshi na Arusha

Binti wa Kirua (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Jana nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Moshi mjini, na mbele yangu alisimama mzee mmoja akiwa na kijana ambaye nadhani ni mjukuu wake. Mhudumu alimuuliza mzee anataka kutoa kiasi gani. Mzee hakujibu, bali alimgeukia kijana akamtazama usoni, kijana akataja kiasi, ndipo mzee naye akakitaja hicho hicho kwa sauti ndogo. Fedha zilipotoka, kijana alizipokea na kuzitia mfukoni mwake bila hata kumwonyesha mzee. Huenda hakukuwa na ubaya wowote, kwa sababu wazee wengi husaidiwa kuhesabu. Hata hivyo moyo wangu haukutulia, maana mama yangu mzazi, kwa miaka miwili ya mwisho ya maisha yake, alikuwa akimtazama ndugu yetu mmoja vile vile kabla ya kujibu hata swali la kama amekwisha kunywa chai, nasi tuliokuwa tukipanda mlimani kwenda nyumbani kwa sikukuu kila Desemba tulidhani ni uzee tu.

Naomba tupeane uzoefu. Mlitambuaje kwamba mzee wenu ananyanyaswa, na mlipata wapi msaada wa kisheria? Tusitaje majina ya watu wala ya ofisi zilizotuangusha.

Mama wa Sakina

Hilo la kumtazama mtu kwanza ndipo ajibu nimeliona kwa baba mkwe wangu. Nilichelewa kulielewa.

Mwalimu Mstaafu, Kiboriloni

Nikushukuru binti kwa kuianzisha mada hii. Nitasema jambo moja ambalo sisi wa Kilimanjaro tunapaswa kulikubali: Desemba inatudanganya. Mtu anayemtunza mzee vibaya anajua tarehe mtakayofika, kwa hiyo mzee ataogeshwa, atavalishwa kanga mpya, shuka zitafuliwa, na mtori utakuwa mezani. Dada yangu mkubwa tulimkuta hivyo miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne nilikwenda mwezi wa Aprili, katikati ya mvua na bila taarifa, nikamkuta ana vidonda vya kulalia vilivyofika kwenye nyama, kucha zimejikunja, na laini yake ya simu iko mikononi mwa mtu mwingine ambaye ndiye aliyekuwa akijibu ujumbe wetu wote kwa kuandika kwamba mama anaendelea vizuri. Fedha tulizomtumia zilikuwa zikiingia kwenye laini hiyo hiyo.

Nendeni bila taarifa. Mwinueni mzee, mtazameni mgongo na visigino, kisha ombeni kuzungumza naye peke yake. Mkikataliwa hilo la mwisho, tayari mmejibiwa.

Kitinda Mimba wa Uru

Sikukusudia kuandika, lakini nimesoma habari ya benki mara tatu na nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ndiye wa mwisho kwa baba yangu, na kwa mila yetu nyumba na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo linaloizunguka, ni vyangu kuvilinda. Nilikuwa kazini Mwanza, na baba alikuwa na miaka 84. Alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia, akalazwa kwa wiki tatu. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, alimletea karatasi kitandani akamwambia ni za bima ya matibabu. Baba, ambaye hata alipokuwa mzima hakujua kusoma, aliweka dole gumba. Miezi mitano baadaye jirani alinipigia simu kuniambia kwamba watu wanakata migomba yetu upande wa juu wa mfereji, pale alipozikwa babu.

Nilisafiri usiku kucha. Nilipofika sikumkuta baba chumbani kwake. Mke wa kaka alisema amekwenda kwa shangazi, nami nikataka kuamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi zaidi. Nilipopita nyuma ya nyumba nilisikia mtu akikohoa ndani ya stoo tuliyokuwa tukihifadhia kahawa enzi za marehemu mama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje. Niliukata kwa panga. Baba alikuwa amekaa juu ya gunia, suruali imelowa, midomo imekauka na kupasuka. Nilipomwinamia ili nimbebe hakusema kwamba ana njaa, wala hakusema kwamba ana kiu. Aliniuliza, "Umeruhusiwa kuingia?"

Ni miaka minne sasa, na bado naisikia sauti ile.

Siku hiyo hiyo nilimwita mwenyekiti wa kitongoji aone mlango na waya kwa macho yake. Tulikwenda polisi, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, baba akatibiwa na daktari akaandika alichokiona. Karatasi ile ilikuja kuwa na nguvu kuliko maneno yangu yote. Kuhusu ardhi, tulianzia Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, na usuluhishi uliposhindikana tulifungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hoja zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba Halmashauri ya Kijiji haikuwahi kukaa wala kuidhinisha uuzaji ule, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka idhini yake. Ya pili ilitokana na Sheria ya Mikataba, kifungu cha 16, kinachozungumzia mtu ambaye akili yake imedhoofishwa na umri, maradhi au dhiki, kisha akaingizwa kwenye makubaliano na mwenye nafasi ya kumtawala. Nilipokisoma nilihisi kama aliyekiandika alikuwa amesimama kando ya kitanda cha baba.

Baada ya mwaka mmoja na miezi saba tulishinda. Mnunuzi amekata rufaa Mahakama Kuu, na huko ndiko tulipo hadi leo. Baba yu hai, anakaa kwangu. Kila nikitoka kwenye shauri ananiuliza swali moja tu, kama yule mnunuzi amerudishiwa fedha zake, kwa sababu anasema hapendi kula haki ya mtu.

Mama wa Sakina

Nimelia. Mungu amtunze baba.

Dereva wa Mianzini

Pole sana, ndugu yangu. Naomba nikuulize, huyo kaka yako alifikishwa mahakamani kwa kumfungia mzee? Maana naona umeeleza ardhi kwa urefu, lakini kufungiwa kule umekupita haraka.

Mjukuu wa Tengeru

Mimi pia ningependa kujua. Na mke wake je?

Mzee wa Ukoo, Marangu

Vijana wangu, naomba mnisikilize kwa utulivu. Alichofanyiwa mzee yule ni laana, na sitakitetea. Lakini nawasihi msianzie polisi. Ndugu ukishamfunga, hata akitoka hamtakaa tena kwenye matanga mamoja, na watoto wenu watarithi uadui huo. Kwetu kuna ukoo, kuna mshili, kiongozi wetu wa kimila, na kuna jani la isale ambalo mtu akilishika na kuomba msamaha hakataliwi. Nimekaa vikao vingi vya aina hiyo, na nimeona watoto wakirudisha walichochukua, wakapiga magoti mbele ya baba yao. Mahakama haiwezi kumpigisha mtu magoti kutoka moyoni.

Binti wa Mwika

Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, ukoo wetu ulikaa mara nne kwa ajili ya bibi yangu. Mara zote nne aliyekuwa akimpiga ndiye aliyeandaa mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiye aliyepanga viti, na bibi aliketishwa karibu naye akaulizwa mbele ya wanaume kumi na mmoja kama ana malalamiko. Angesema nini, ilhali usiku analala nyumba moja na mtu huyo? Kikao cha nne kilimalizika kwa isale, na wiki iliyofuata bibi alivunjwa mkono. Jani halimlindi mtu aliyelala peke yake usiku.

Mzee wa Ukoo, Marangu

Marahaba, binti. Kumuuliza mgonjwa mbele ya anayemtesa lilikuwa kosa la waliokaa, si la mila yenyewe.

Binti wa Mwika

Kwa bibi yangu, mzee, ilikuwa ni kitu kimoja.

Dereva wa Mianzini

Naungana na binti. Mtu akimvunja mkono mtu wa mtaani tunapiga 112, akimvunja mama yake tunapika mbege.

Nabaki na Mama, Usa River

Nimesoma yote na mikono inatetemeka, kwa sababu huenda mkinisoma mtaniweka kwenye kundi la watesaji. Mimi ndiye niliyebaki na mama. Ndugu zangu wanne wako Dar es Salaam na mmoja Nairobi, na kila mmoja hutuma fedha anapokumbuka. Mama amepoteza kumbukumbu. Anakula saa moja, na saa mbili anawaambia majirani kwamba tangu jana sijampa chakula. Kaka yangu alisikia maneno hayo kwenye simu, akaniita mwuaji mbele ya familia nzima.

Nitasema na hili. Siku moja nilimfungia mlango ili nikachote maji bombani, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa ametoka akapatikana kwenye barabara kuu ya Moshi. Niliporudi nilimkuta anagonga mlango na kulia kama mtoto. Sijawahi kumwambia mtu. Waya wa stoo ya yule ndugu wa Uru umenikumbusha mlango wangu, na sijui tofauti yake inaanzia wapi.

Dereva wa Mianzini

Tofauti ni kwamba wewe ulifungua.

Mjukuu wa Tengeru

Mimi sikubaliani. Kufungia ni kufungia, na moto ukiwaka hautauliza nia yako ilikuwa nini. Dada, tafuta mtu wa kukaa naye hata kwa saa mbili, na umtumie kila ndugu hesabu ya malipo yake. Asiyelipa, basi aje akae naye mwezi mmoja.

Mwalimu Mstaafu, Kiboriloni

Dada wa Usa River, usikae na jambo hili peke yako. Mweleze afisa ustawi wa jamii wa kata yako hali ya mama kabla majirani hawajamweleza wao, ili ijulikane kwamba mama anaugua na kwamba wewe unalemewa.

Msaidizi wa Kisheria, Arusha

Nafanya kazi hii ya usaidizi wa kisheria, na ningependa kuongeza machache, kwa sababu watu wengi hutufikia wakiwa wamezunguka ofisi ambazo hazikuwa zao.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, lakini mbele ya hakimu kinachosimama ni sheria: Kanuni ya Adhabu kwa shambulio na kudhuru mwili, sheria za ardhi kwa shamba, na Sheria ya Mikataba kwa karatasi zilizotiwa dole kwa hila. Mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada huo haulipiwi. Kwa akina mama, Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi linawapokea hata wakiwa na miaka 90, ingawa wengi hudhani ni la mabinti.

Ikiwa nyumba ina hati na mnahofia itauzwa, mwenye maslahi anaweza kuomba zuio kwa Msajili wa Hati. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mwenzi mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo bibi aliyebaki mzima ana sauti hata babu akiwa amelaghaiwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya katika shauri lililoanzia hapo ana siku 45 za kukata rufaa. Nimeona watu wakipoteza mashamba kwa kuzitumia siku hizo kwenye vikao.

Na tafadhali, msimhoji mzee mara kumi mbele ya watu kumi. Aandikwe mara moja, faraghani, na mtu anayejua lugha yake ya nyumbani.

Mama wa Sakina

Je, tukigundua tumwondoe mzee kwanza ndipo tushtaki, au tushtaki kwanza?

Binti wa Mwika

Mwondoe usiku huo huo. Mengine yatafuata.

Kitinda Mimba wa Uru

Mimi nilimwondoa, na kaka akaingia kwenye nyumba siku ya tatu. Kumtoa kumekuwa shauri jingine. Nikirudishwa nyuma ningemwondoa baba tena, lakini ningemwacha mtu ndani ya nyumba.

Kuhusu lile mliloniuliza: baba alikataa kutoa maelezo dhidi yake. Alisema yeye ndiye aliyemzaa. Mwenyekiti alikuwa tayari kutoa ushahidi wa alichokiona, lakini mimi ndiye niliyeomba tuishie kwenye ardhi. Siku nyingine nadhani nilimheshimu baba, siku nyingine nadhani nilimwogopa kaka.

Mzee wa Ukoo, Marangu

Usijihukumu, mwanangu.

Binti wa Kirua (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Mama yangu alikwisha kutangulia, na hayo hayarekebishiki, lakini ana dada yake anayeishi Himo, ana miaka 79, ni mjane wa mtumishi wa serikali, na simu yake hupokelewa na mtu mwingine tangu mwezi wa pili. Tulikuwa tumepanga kwenda kumwona sikukuu ya Krismasi. Kesho ni Alhamisi. Nitapanda gari la kwanza la asubuhi, na sitampigia mtu yeyote simu kabla sijafika mlangoni.