MJADALA: Hivi msemaji wa timu ana mamlaka gani ya kumzuia mwandishi getini?

Wadau habari za jioni, hasa nyie wa Mtwara na Lindi mnaofuatilia mpira wa Kusini. Naleta hili tulijadili bila matusi maana kila likiguswa linageuzwa la Usimba na Uyanga na lenyewe wala halihusiani.

Iko hivi. Kuna timu moja ya huku kwetu, sitaitaja. Jamaa yangu anaripoti michezo redio moja ya hapahapa Mtwara, akarusha stori kwamba wachezaji wanadai mishahara, na aliongea na wachezaji wenyewe. Kesho yake anafungua simu anakuta katolewa kwenye grupu la WhatsApp la timu. Hamna barua, hamna simu, hamna aliyemwambia kosa lako hili. Sasa asiyejua hii kazi atasema grupu ni kitu gani bwana, kumbe humo ndo kila kitu kinapita, mazoezi saa ngapi, kocha anaongea wapi, nani majeruhi, nani jina lake limepelekwa getini. Ukitolewa humo ushafungiwa, halafu ukiuliza wanakwambia hujafungiwa.

Siku ya mechi kafika uwanja wa Nangwanda mapema, jua lile mnalijua, getini kuna kijana kashika karatasi ya daftari ina majina kwa biki, mengine yamekatwa. La jamaa halipo hata kwenye yaliyokatwa. Kitambulisho anacho, barua ya redio anayo, kijana wa watu anamwambia "kaka mi nimepewa hii tu, ongea na msemaji". Msemaji hapokei simu, na yupo pale ndani anaonekana kabisa anapiga selfi na mashabiki. Basi jamaa kakata tiketi kama mshabiki, kakaa jukwaani, anaripoti kwa simu huku mtu anapuliza vuvuzela sikioni, na mpira ulipoisha kocha hakumpata. Siku hizi taarifa za timu anatumiwa na ripota wa redio pinzani anayemwonea huruma, skrinishoti moja moja.

Mi msimamo wangu nausema mapema. Utaratibu sina ugomvi nao. Azam, wale wa televisheni, wamenunua haki za matangazo ya Ligi Kuu kwa miaka 10, mkataba wa 2021, Sh bilioni 225.6, kwahiyo wao kumhoji kocha kwanza halafu redio zisubiri ni halali yao, aliyelipa kalipa. Kutokuingia uwanjani na simu na kukimbilia wachezaji wanapotoka, sawa. Kuvaa kizibao, sawa. Ligi yenyewe inataka makocha waje kuongea na waandishi na tumeshaona Bodi ya Ligi ikizipiga faini timu zilizokacha. Tatizo langu ni ile karatasi. Kwanini anayeamua nani aingie ni yuleyule aliyeandikwa vibaya jana? Karatasi ishikwe na mtu wa Bodi ya Ligi au chama cha mpira cha mkoa, na timu ikitaka fulani asiingie iandike barua, itaje kosa na muda, na mwandishi awe na pa kukata rufaa. Ni hilo tu.

Msije mkaniambia huu ni ushamba wa Kusini. Uingereza 2013 Newcastle United waliyafungia magazeti ya mjini kwao wenyewe, Chronicle, Journal na Sunday Sun, kisa yaliripoti maandamano ya mashabiki waliokuwa wamemchoka mmiliki. Ferguson naye, yule kocha wa Manchester United, alisusa kuongea na BBC tangu 2004 mpaka 2011, miaka saba yote, kisa kipindi kilichomgusa mwanae. Ila angalia tofauti, kule dunia nzima ilijua nani kamfungia nani na kwa sababu gani. Huku unafungiwa kimyakimya na unayemlalamikia anakwambia "mbona tuko poa tu".

*

Nimesoma michango yenu, najibu kwa pamoja.

Kuna aliyesema timu ni mali ya watu na mwenye nyumba anachagua mgeni wa kumkaribisha. Mkuu, Ndanda, timu ya hapa Mtwara, ilivyopanda Ligi Kuu 2014 nani hapa mjini alisema ni timu ya mtu? Ilikuwa "timu yetu", mpaka mama wauza samaki pale feri walikuwa wanajua ratiba. Timu ikitaka kuchangiwa ni ya wananchi, ikiulizwa mishahara ni ya mwenye nyumba. Mnada wa korosho bei inasomwa mbele ya wakulima wote, anayependwa na karani na asiyependwa wote wanasikia bei ileile, na hata hivyo watu bado wanalalamika. Hapa hata kusikia tu unachaguliwa.

Aliyesema waandishi wenyewe makanjanja, hapo nakuunga mkono na nitakuongezea. Ukweli tunaoukwepa ni bahasha. Wengi wetu tunalipwa kwa stori, na stori moja hela yake haikutoi Mtwara mjini ikakufikisha Ruangwa ukarudi. Msemaji analijua hilo. Baada ya mkutano anapita na "nauli", kila mtu anasaini, anaweka mfukoni, jioni tunaandika timu iko fiti asilimia mia. Mkono unaotoa nauli ndo huohuo umeshika orodha ya geti, sasa utamwandikaje? Na jamaa yangu alipotolewa grupuni tulikuwemo waandishi wa kutosha humo, hakuna hata mmoja aliyeuliza fulani yuko wapi. Tungegoma mkutano mmoja tu wa kocha, viti vitupu, angerudishwa kabla ya magharibi. Hatukugoma kwasababu kila mtu aliwaza nafasi yake na nauli yake. Kwahiyo ndio, mlango wa msemaji tumemjengea wenyewe, ila hilo halimpi haki ya kuufunga.

Mwingine kasema mbona Marekani waandishi wanaingia mpaka vyumba vya kuvalia, sisi tunagombania geti la nje. Ni kweli wanaingia, na mwaka 1978 mwandishi wa kike, Melissa Ludtke wa Sports Illustrated, ilibidi apate haki mahakamani ndo aruhusiwe kama wenzake wa kiume kwenye uwanja wa Yankees, timu ya besiboli. Lakini hata huko 2024 chama cha wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kililalamika kikitaka mahojiano yafanyike nje ya chumba, watu wanavaa jamani. Mi sitaki chumba cha kuvalia cha mtu. Nipeni meza, kocha na dakika kumi, nikae na wenzangu wote wenye vitambulisho, tuulize, tuondoke.

Na huyu aliyesema "timu zina kurasa zake Instagram hazina shida na nyie"... kaka hapo umenigusa kweli. Ahmed Ally na Ally Kamwe, waliojipatia jina kama wasemaji wa Simba na Yanga, wanajaza watu kuliko kipindi chochote cha michezo, wanaongea vizuri, wanachekesha, na timu ndogo za mikoani nazo zimeiga, msemaji wa huku kwetu naye anataka kuwa staa, posti zake zina picha yake kuliko za straika. Sawa, zama zimebadilika. Ila niambie ni ukurasa gani wa timu umewahi kuposti kwamba wachezaji wetu hawajalipwa, au kwamba kipa kaondoka kwasababu nyumba ya kupanga imeisha kodi? Ukurasa wa timu utakupa jezi mpya na "tunakwenda kupambana". Kipa kaondoka utaambiwa na yule aliyetolewa grupuni.

Nawauliza wa Lindi na Ruangwa sasa, maana huko sijaripoti muda mrefu. Namungo, timu ya Ruangwa, walipocheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21 walikuwa chini ya taratibu za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mkutano wa waandishi kabla ya mechi, kocha na mchezaji mezani, kila kitu kwa saa. Huo utaratibu ulibaki kwenye mechi za kawaida pale uwanja wa Majaliwa au uliondoka na mashindano? Na uwanja wa Ilulu pale Lindi orodha ya waandishi anaishika nani? Mwenye kujua aandike, na kama kuna msemaji wa timu anasoma hapa naye aje atoe upande wake, hatutamtoa.