Mjadala: Vyuo viendelee kudai tasnifu za kava gumu au pdf inatosha?

Wakuu habari za jioni. Hoja inayozunguka mitaa ya vyuo hapa Dar ni kwamba mwanafunzi asidaiwe tena nakala za kava gumu, aweke pdf kwenye mfumo wa chuo basi yaishe. Mimi nafunga vitabu maeneo ya Ubungo, najua mtasema natetea ugali wangu na kweli natetea, ila msiniwahi.

Ikikaribia mahafali mtu anaingia saa mbili usiku na flashi, anataka nakala tano, kesho saa nne anakabidhi. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, tasnifu ya karatasi 200 ni kilo nzima, hizo tano ni kilo tano na hapo sijaweka bodi (kadibodi ngumu ya kava) wala reksini (kitambaa cha kuvalisha kava kinachofanana na ngozi). Kwa haraka hiyo nani anashona? Tunakwangua mgongo, tunapaka gundi, tunabana, tunavalisha kava, tunapiga jina na mwaka kwa dhahabu, mtu anapiga picha anaondoka kafurahi. Sasa kwa joto na unyevu wa huku kwetu kazi ya gundi ya haraka haraka haidumu, kitabu kikilazwa wazi mara tatu nne mgongo unapasuka, karatasi zinachomoka moja moja kama karata. Yaani hizo tano nnazouza, najua kabisa sijauza kitabu.

Msimamo wangu chuo kidai nakala MOJA, ila ya uzi. Itobolewe pembeni ishonwe, au kama hela ipo ichapwe kwenye A3 ikunjwe mafungu mafungu ishonwe kwenye mikunjo, hiyo inafunguka mpaka chini hata uilalie. Pdf nayo iwekwe, sipingi.

Mzazi, Mbagala: Fundi umesema vizuri lakini hata hiyo moja ya nini? Mwanangu mwaka jana hela ya kava peke yake ilikula hela yake ya chakula wiki mbili, halafu kwenda kuchukua cheti kavikuta vitabu vya wenzake vimerundikwa kwenye korido chini. Mnatukamua tu.

Niliwahi kukaa maktaba: Mama nakuelewa, korido hizo nazijua. Ila wa pdf mnasahau kitu, kuna kipindi vyuo vilikuwa vinadai CD ibandikwe ndani ya kava la nyuma, tukaambiwa ndo mambo ya kisasa. Leo laptop gani mpya ina sehemu ya kuingiza CD? Kitabu kilichobandikwa ile CD bado kinasomeka, CD yenyewe ndo imekuwa kioo cha kujitazamia. Mfumo ukibadilishwa na hela ya kuhamisha mafaili ikikosekana itakuwa yale yale.

Kijana wa ofseti (mashine kubwa za kuchapa), Kariakoo: Mi naona mnazunguka mbuyu, shida ni karatasi. Tuna kiwanda Mgololo kule Mufindi tangu 1985 ila siku hizi ni karatasi za kaki za mifuko na maboksi, nyeupe ya kuchapia tunasubiri meli. Baada ya korona bei ya rimu ilipanda mpaka wateja wakadhani tunawaibia. Punguzeni nakala wala hamtamuua fundi, sisi wenyewe kazi ndogo ndogo zote zimehamia kwenye mashine za dijito na bado tupo.

Fundi (mwenye mada): Mama Mbagala hapo kwenye korido umenishika, sina jibu, hilo waulizwe wenye korido. Ila hesabu yangu ni hii, ya uzi moja inanichukua muda mrefu kuliko mbili za gundi kwa hiyo bei yake iko juu, lakini haifiki hata nusu ya tano. Wewe unaokoa na mimi nafanya kazi nisiyoionea aibu. Kijana wa Kariakoo nakubali, japo wewe una ofseti, mimi nina presi ya mkono na sindano. Na wanafunzi mlioko humu acheni angalau sentimita 4 upande wa kushoto kabla ya kuprinti, mgongo unameza maneno halafu lawama kwa fundi.

Ngoja niishie hapa, kuna mtu kaingia na flashi, anataka tano za kesho asubuhi.