Nesi wa kumfuatilia mgonjwa wa akili nyumbani, hela inarudi kweli?

chausiku_k: Wakuu habari, nina ripoti ya chuo, hivi mgonjwa wa skizofrenia akipewa mtu wa kumfuatilia dawa, makazi, kliniki na kila kitu, serikali inaokoa hela au inajiongezea mzigo tu?

mzeewahesabu: Inategemea unalinganisha na nini. Kule Madison, Wisconsin, miaka ya 70 walitoa timu wodini wakaipeleka mtaani, siku za kulazwa zikashuka sana na kitanda ndo kinachokula hela. Ila Waingereza kwenye utafiti wao unaoitwa UK700, wagonjwa 708, nusu yao mhudumu mmoja alibeba watu 10 mpaka 15 na nusu nyingine mhudumu mmoja watu 30 na kitu, majibu ya 1999 na 2000 siku za wodini hazikupungua, gharama nazo hazikutofautiana cha maana

chausiku_k: duh mbona zinapingana?

nesi_zamu: Dada hazipingani, Uingereza huduma ya mtaani ilishakuwepo so kupunguza tu idadi kwa mhudumu hakuokoi kitu, faida inaonekana kwa wale wanaolazwa kila mara. Halafu hesabu nyingi zinamsahau mama aliyefunga genge lake amlinde mwanae, hii inaniudhi kweli

mzeewahesabu: Na wodi isipofungwa mishahara iko palepale hata vitanda vikiwa vitupu