Mchuuzi wa dagaa awe na akiba kiasi gani ndipo alale usingizi?

Mchuuzi wa Igombe

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninanunua dagaa wabichi mwaloni Igombe, hapa Mwanza, ninawaanika, kisha ninawapeleka soko la Kirumba Mwaloni kuwauza kwa magunia, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Sitaki kusema kwamba sipati. Wakati wa giza, mitumbwi inapotoka na taa jioni na kurudi alfajiri ikiwa imejaa, fedha inayopita mikononi mwangu kwa wiki moja ni nyingi, ingawa sehemu kubwa ni mtaji na si ya kula. Mbalamwezi ikiingia, mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu, na kwa siku kama 10 sina ninachonunua wala ninachouza.

Mwezi wa nne mvua iliukuta mzigo wangu wa siku mbili ukiwa bado kwenye vichanja, na dagaa waliokuwa wa kuliwa na watu nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Ili nirudi mwaloni nilikopa 400,000 kwa wakopeshaji tunaowaita kausha damu, ambao unawalipa 130,000 kila Ijumaa kwa wiki nne. Nilipomaliza, mtaji ulikuwa umekwisha nikakopa tena, na sasa niko kwenye mkopo wa tatu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba huamka saa tisa usiku kupiga hesabu, hata katika wiki ambazo biashara imekwenda vizuri. Je, kuna kiasi cha fedha ambacho mtu akiwa nacho moyo unatulia, au ndivyo mfanyabiashara anavyopaswa kuishi? Na kama kipo, kiwekwe wapi?

Mstaafu wa Pasiansi

Binti yangu, nilifanya kazi ya uhasibu kwa miaka 31, na katika muda huo nimewaona watu wenye mamilioni wasiolala na watu wa mshahara mdogo wanaokoroma, kwa hiyo siamini kwamba kuna kiasi kimoja cha kumtuliza kila mtu. Ninachokiamini ni kipimo tofauti: badala ya kuuliza una shilingi ngapi, jiulize nyumba yako inaweza kusimama siku ngapi bila senti mpya kuingia. Wewe leo, kwa maelezo yako, unasimama siku sifuri, na ndiyo maana hata wiki nzuri haikupi usingizi, kwa kuwa unajua mwezi unakaribia kuchomoza.

Tuseme nyumba yako, pamoja na kodi, chakula na shule, inatumia 15,000 kwa siku. Siku 10 za mbalamwezi zinahitaji 150,000, nazo zinajulikana kabla hazijafika, kwani mwezi hauna ajali. Ukiigawa hiyo 150,000 kwa siku 20 za giza, unapata 7,500 kwa siku, ambayo unapaswa kuiondoa kabla hujanunua ndoo ya kesho. Huo ni mzigo wa kwanza. Mvua ni jambo jingine, maana haina kalenda ya kuaminika, na kwa ajili yake unahitaji siku 30, yaani 450,000, ambazo utazifikia polepole.

Wazee walisema akiba haiozi, lakini akiba ya mchuuzi wa dagaa huoza, kwa sababu ameiweka yote ndani ya dagaa. Jilipe ujira wa kila siku, kisha fedha ya biashara ibaki ya biashara.

Kuhusu mkopo, unachukua 400,000 na kurudisha 520,000, yaani 120,000 juu kwa mwezi mmoja, ambayo ni asilimia 30. Lipa kwanza deni hilo kabla ya kufikiria akiba yoyote. Nikuulize jambo moja, nawe unaweza kulijibu moyoni: nyumbani ni nani mwingine anayelijua deni hilo?

Mama Kikoba, Buswelu

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na hesabu ya siku, lakini hilo la kumaliza deni kabla ya kuweka chochote ninalipinga kwa heshima. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilipeleka kila shilingi kwenye deni, na ilipobaki wiki moja tu mtoto akaugua usiku, nikalazimika kurudi kwa mkopeshaji yule yule, safari hii kwa masharti magumu zaidi kwa kuwa alijua sina pa kwenda. Dada, weka angalau 50,000 pembeni hata kama deni linaendelea, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuzuia usikope mara ya nne.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ni kizuri, nami ninakipenda, lakini vikoba vingi vinavunjwa Desemba, ilhali mvua iliyokupata ilikuwa ya Aprili. Uliza kama kikundi chenu kina mfuko wa jamii na unatoa kiasi gani kwa ugonjwa au msiba, na kama mnaruhusiwa kukopa mara tatu ya hisa kama ilivyo kwetu, maana riba ya kikoba hurudi kwenu wenyewe siku ya kugawana. Fedha ya dharura usiiache kwenye simu unayotumia kila siku. Ndugu akipiga kulia shida, mkono wako utabonyeza kabla hujafikiri, na sisemi hivyo kwa ubaya wa ndugu. Kuwa na laini nyingine, au akaunti isiyo na kadi, kunakupa usiku mmoja wa kufikiri.

Kijana wa Kisesa

Mimi ningemshauri anunue kiwanja. Fedha inashuka thamani, ardhi haishuki.

Mstaafu wa Pasiansi

Marahaba, Mama Kikoba, hoja yako nimeipokea na ninaondoa neno "kwanza", 50,000 itangulie. Kijana wangu, kiwanja ni kizuri kwa mtu aliyekwisha kuwa na siku zake 30. Asiye nazo, akipatwa na shida, atakiuza kwa bei ya mnunuzi aliyegundua shida yake. Hatua ya baada ya hapo ndiyo ya kuzungumzia mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao unaweza kutoa fedha yako ndani ya siku chache za kazi, au hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza. Hatifungani zinaanzia shilingi 1,000,000, na fedha hiyo isiwe ile ya kununulia dagaa.

Mchuuzi wa Igombe

Shikamoo mzee wangu, na ahsante dada wa Buswelu. Nilikaa kimya wiki tatu kwa sababu swali lako, mzee, lilinikalia vibaya. Hakuna aliyekuwa analijua. Kila Ijumaa nilikuwa natoka nyumbani mapema ili mkusanyaji asinifuate mlangoni, na nadhani lile la saa tisa usiku lilikuwa zaidi kuogopa mlango kuliko kuogopa hesabu. Nilimwambia mume wangu siku ya Jumapili tulipotoka kanisani. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba naye anadaiwa 180,000 za vipuri vya pikipiki tangu Februari. Tukaandika yote kwenye daftari moja la mtoto la hesabu, deni langu upande mmoja na lake upande wa pili.

Nimepima matumizi ya nyumba kwa siku 14 na yamefika 17,000, si 15,000, hivyo ninapaswa kuondoa 8,500 kila siku ya giza. Mkopo wa tatu umebakiza Ijumaa moja, na sitachukua wa nne. Nitanunua ndoo chache kulingana na mtaji uliobaki, hata kama jirani zangu kwenye vichanja watanicheka. Mbalamwezi inaingia Alhamisi. Kwenye kibubu kuna 102,000, ambazo ni siku sita za kula, na zile nne zilizobaki mume wangu amesema atazibeba kwa pikipiki.

Juzi niliamka tena saa tisa, lakini ilikuwa ni mvua, nikatoka kufunika dagaa kwa turubai na kurudi kulala.