Waliosoma shule za ufundi za wavulana: mlikuwa mnafanya nini hasa karakana?

Mama Baraka (Njombe) aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mwanangu kapangiwa shule yenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, huu ulioanza Januari 2024. Fani yake ni ufundi mitambo. Baba yake mkubwa aliposikia akacheka, akasema hayo ni mambo ya waliofeli, bora ahamishiwe shule ya kata asome masomo kama watoto wa wenzetu. Mume wangu kanyamaza. Akinyamaza hivyo najua keshakubaliana na kaka yake.

Nasikia zamani kulikuwa na shule za ufundi za wavulana: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Bwiru, Musoma, Iyunga. Sitafuti sifa za shule, hizo nimeshazisoma za kutosha. Namtafuta aliyesimama mwenyewe karakana aniambie walimpa nini mkononi, siku yake ilikwendaje, na kama kilimfaa baadaye. Wifi yangu anasema niulize tu, wazee wa Tech wakianza kusimulia hawanyamazi.

Tupa Bapa alijibu:

Marahaba mama Baraka. Wifi yako anatujua.

Mimi ni wa Ifunda, miaka ya 1980, natokea Songea. Tulikuja na basi kupitia Makambako na Mafinga, tranka la bati juu ya keria, tukashushwa barabara kuu ya Iringa na Mbeya jioni. Nilikuwa na shati moja la mikono mifupi mwilini na sweta nimelifungia chini kabisa ya tranka. Ifunda mwezi wa saba haitanii. Wazee wa pale walitueleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakoloni wakaweka hapo shule ya ufundi. Sisi tukajiuliza Wapolandi nao waliionaje ile baridi, labda waliona wamefika kwao.

Hilo la waliofeli mwambie shemeji yako, kwa heshima zote, kwamba kwetu lilikuwa kinyume. Darasa la saba letu tulichaguliwa wachache mno kwenda sekondari yoyote, na aliyepelekwa ufundi alihesabiwa kati ya waliong'ara hisabati. Masomo ya kawaida tuliyasoma yote, Kiswahili, Kiingereza, jiografia, hisabati, halafu juu yake uchoraji wa kiufundi, sayansi ya uhandisi na karakana. Hapakuwa na kubadilishana, kwamba ukisoma hiki unaachiwa kile. Tulilala tumechoka.

Sasa umeuliza tulipewa nini mkononi. Tulipewa tupa.

Mwanzoni kabisa hukabidhiwi mashine yoyote. Zile za kukerezea zimepangwa upande wa pili wa karakana, zinang'aa mafuta, unazitazama tu. Wewe unapewa kipande cha chuma laini kilichokatwa ovyo kwa msumeno, unakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, unaambiwa ukifanye kiwe na nyuso sita zilizonyooka, kila pembe nyuzi 90, kwa vipimo vilivyoandikwa ubaoni kwa milimita. Basi. Zana ni tupa, skwea, rula ya chuma na kalamu ya kuchorea chuma.

Unadhani ni kazi ya siku moja. Mkono wa kulia unashika mpini, wa kushoto unakaa nchani, unasukuma mbele kwa uzito na unarudi bila kukandamiza, kwa sababu meno ya tupa hukata kwenda mbele tu. Ukirudi umekandamiza unaiua tupa, na mwalimu anausikia ule mlio akiwa mlangoni. Kinachomshinda kila anayeanza ni kuyumba. Mikono inapanda na kushuka bila mwenyewe kujua, kwa hiyo chuma kinaliwa pembeni na katikati kunabaki mgongo. Kwa macho huuoni. Unaweka skwea juu yake, unainua usawa wa dirisha na kufumba jicho moja. Mwanga ukipenya chini ya skwea, hapo hapajanyooka. Unarudi kwenye jiliwa. Ukiupata uso wa kwanza, wa pili lazima usimame wima juu ya ule wa kwanza, na ukipunguza huku umeharibu kule, huku kipimo nacho kinazidi kushuka, na chuma ukishakiondoa hakirudi.

Kuna vitu vya pale havimo kitabuni. Tulisugua chaki kwenye tupa ili unga wa chuma usikwame kati ya meno na kuchora mikwaruzo. Na marufuku kupapasa kwa kidole uso uliokwisha pigwa tupa, maana jasho la ngozi linaifanya tupa iteleze. Kila mtu alipapasa. Asubuhi ya baridi chuma kinauma vidole, unapiga tupa upate joto.

Mwalimu wetu wa karakana alikuwa mtu wa maneno machache. Unampelekea kipande, anakiinua dirishani, anakurudishia. Haelezi kosa liko wapi. Ukimuuliza anakupa skwea utafute mwenyewe. Nilimchukia sana yule mzee muhula ule, na mpaka leo sijaamua kama alikuwa mwalimu mzuri au mvivu wa kuongea.

Tukazungushwa fani zote kabla ya kuchagua. Useremala tulipiga randa mbao za paini za Sao Hill, tukaunga ulimi na tundu bila msumari. Uashi tulijenga kona za ukuta kwa matofali, tukapima kwa timazi na pima maji, udongo wenyewe wa kuungia haukuwa na saruji ili kesho ukuta ubomolewe na matofali yatumiwe na wengine. Inauma kubomoa kona uliyoinyoosha mwenyewe, nakwambia. Umeme tulifunga taa moja inayowashwa na swichi mbili, kama ya ngazi za ghorofani, na wengi wetu ghorofa lenyewe tulikuwa hatujawahi kulipanda. Mimi nikaishia mitambo.

Kilinifaa? Nilisoma FTC, cheti cha fundi sanifu, chuo cha Dar Tech, siku hizi DIT, halafu nikafanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi. Shafti, ule mhimili unaozunguka, ikifungwa puli, yaani gurudumu la mkanda, katikati panakaa kii, kipande kidogo cha chuma cha pembe nne kinachozuia puli isizunguke peke yake. Kii ikilegea inagonga na kula shafti, ikibana mno hutaitoa tena bila vita. Saa nane za usiku mtambo umesimama, stoo hakuna kii ya kipimo kile. Unabana chuma kwenye jiliwa, unachukua tupa. Hapo nilimkumbuka yule mzee, ingawa sikumsamehe.

Mchora Ramani alijibu:

Ifunda mnapenda kusimulia baridi kama vile Moshi tulikuwa jangwani.

Dada, mimi ni Moshi Tech, na kwangu cha kukumbukwa ni chumba cha uchoraji. Penseli mbili, 2H ya mistari ya kusaidia na HB ya mistari ya mwisho. Tulizichonga kwa wembe, ncha tukainoa kwenye msasa, na aliyekuja na penseli butu alisimama nje. Unapewa kitu cha mbao mezani, unakichora kwa mbele, kwa juu na kwa upande. Kwa utaratibu tuliofundishwa, sura ya juu inakaa chini ya ile ya mbele, na ukikitazama kutoka kushoto unachora kulia. Wiki za kwanza kichwa kinagoma kabisa. Halafu siku moja kinafunguka, na tangu hapo huwezi tena kutazama kiti bila kukiona kimekatwa vipande.

Mimi sikuwa fundi mzuri wa tupa, Tupa Bapa angenicheka. Lakini nasoma ramani za majengo kwa mkate wangu mpaka leo, na napokea vijana wenye vyeti vizuri ambao ukimwonyesha mchoro wa bomba linalopinda mara mbili anageuza karatasi kama usukani. Mwanao aangaliwe hapo. Uliza kama somo la uchoraji lina mwalimu wake.

Mhasibu Mstaafu alijibu:

Na mimi niseme upande wa pili, maana hapa mtamfanya mama aamini kila aliyepita Tech ni injinia.

Nilisoma ufundi miaka minne, shule sitaitaja. Nilichukua ufundi wa magari. Tulikuwa na injini moja ya Land Rover juu ya fremu, tuliifungua na kuifunga mpaka boliti zikalainika, na mfuatano wa kuwaka silinda, 1-3-4-2, nitakufa nao. Gari linalotembea hatukuligusa. Kidato cha tano nikaenda mchepuo wa biashara, nikawa mhasibu hadi kustaafu. Wenzangu wengi ni walimu, mapolisi, wafanyabiashara wa mbao, mmoja mchungaji.

Sijutii, ila sidanganyi. Mtoto akiwa hapendi kuchafuka mikono, miaka minne ni mirefu. Muulize yeye. Mpaka sasa tumemsikia baba mkubwa, tumesikia kimya cha baba, mtoto mwenyewe kasema nini?

Kijana wa Juzi alijibu:

Shikamooni wazee.

Mimi nimesoma miaka ya 2000 shule iliyokuwa bado na jina la ufundi kwenye kibao. Karakana ilikuwepo, imefungwa kufuli. Tuliingia kufagia siku ya ugeni. Majiliwa yamejaa kutu, mashine zimefunikwa maturubai, mwalimu aliyezijua alikuwa amestaafu na hakuletwa mwingine. Nadharia ya kukereza vyuma nilisoma kwenye daftari, nikachora mashine nzima na kuandika majina ya sehemu zake, nikapata alama nzuri. Kukereza kwenyewe nimejifunzia gereji ya mtaani kwa kupigwa makofi.

Kwa hiyo mama, hadithi za wazee ni tamu na ni za kweli, ila usipeleke mtoto kwa sababu ya hadithi. Nenda ukaone.

Mama Baraka aliandika tena:

Asanteni sana, wote. Baba mkubwa nimemsomea ya Ifunda, kasema "hao walikuwa wa enzi zile." Mume wangu kacheka kwenye ile ya injini ya Land Rover, kumbe na yeye aliwahi kukaa gereji Makambako kabla hatujaoana. Miaka yote hii sikujua!

Mhasibu, mtoto nimemuuliza. Kasema anataka, ila sababu yake ni kwamba rafiki yake naye kapangiwa hukohuko. Nimebaki nacheka peke yangu.

Nimepanga kwenda kuiona shule kabla ya kulipa chochote. Nikifika niangalie nini? Mimi ni mshonaji, karakana ya chuma siijui.

Tupa Bapa alijibu:

Mshonaji! Basi wewe utaona mengi kuliko baba mkubwa. Unajua mkasi butu ukiushika.

Omba kuingia karakana siku ya masomo, Jumamosi hakuna kitu. Hesabu majiliwa, halafu uliza mkondo una wanafunzi wangapi. Wakiwa wawili kwa jiliwa moja wanapokezana, inakwenda. Wakifika watano, watatu kati yao wanatazama na kupiga soga, na mwanao kwa umri ule atakuwa kati ya wanaopiga soga. Pitisha macho sakafuni chini ya majiliwa. Pakiwa na unga wa chuma, kazi inafanyika. Pakiwa pamedekiwa safi kama zahanati, ukumbuke kufuli la huyu kijana.

Shika tupa moja, iguse meno kwa kucha. Kucha ikiteleza kama kwenye kijiko, tupa imekufa. Omba mashine moja iwashwe. Usiulize "inafanya kazi?" watakujibu ndiyo. Sema mwanao anapenda kuona inavyozunguka. Muulize mwalimu wa fani, yeye mwenyewe, alifanya kazi wapi kabla ya kufundisha. Wa kiwandani utamjua, atakuonyesha zana kabla ya kukuonyesha makaratasi. Na waulize chuma cha kufanyia mazoezi kinanunuliwa na nani, maana bajeti ikikosekana hicho ndicho cha kwanza kukatwa.

Halafu rafiki yake huyo asikutie wasiwasi. Mimi nilijaza Ifunda kwa sababu kaka wa jirani yetu alirudi likizo amevaa ovaroli ya buluu.

Mama Baraka aliandika tena:

Naenda Jumanne. Ovaroli wameandika kwenye orodha, ila bei waliyoweka inanitisha. Nikishona mwenyewe kitambaa gani?

Tupa Bapa alijibu:

Pamba nzito, ile ya khaki au drili. Usiweke poliesta, cheche za kuchomelea zikiangukia inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mikono ibane kwenye kifundo, isipepee karibu na mashine inayozunguka. Mifuko ya kifuani iwe na vifuniko. Na mwachie nafasi ya kutosha mabegani, atakua.

Mchora Ramani alijibu:

Na mfuko mwembamba wa penseli kwenye mkono wa kushoto, tafadhali.