Mgombea udiwani anasema sumukuvu ni uongo wa wanunuzi. Nimuulize nini mbele za watu?

MamaMashine
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nina mashine ya kukoboa na kusaga huku wilaya ya Chemba, mwaka wa kumi na nne sasa. Mahindi ya nusu ya kijiji yanapita mikononi mwangu. Nayajua ya nani yalianikwa kwenye turubai na ya nani yalianikwa chini, kwa kuyashika tu.

Sasa tuna mgombea udiwani. Ni shemeji yangu, upande wa marehemu mume wangu, na kura yangu alikuwa nayo mfukoni tayari. Juzi kasimama mkutanoni kasema sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi, haipo. Eti ni neno la wanunuzi, wapate gunia la laki kwa elfu sitini. Eti babu zetu walikula mahindi ya ukungu wakafika miaka tisini. Watu wakapiga makofi, na wengi wao ni ninaowasagia.

Mimi 2016 nilikuwepo. Kuanzia mwezi wa sita watu walianza kuumwa huku Chemba, Kondoa, mpaka Kiteto kule Manyara. Tumbo linavimba, macho yanageuka manjano, kutapika. Wengi ni watoto. Mwanzoni kila mtu alikuwa na lake, wengine wakaanza kutajana majina ya wachawi. Majibu ya vipimo yalipotoka ndipo wengi tukalisikia neno sumukuvu. Waliohesabiwa ni wagonjwa 68, na 20 wakafariki. Kuna nyumba moja ilizika wawili. Unga wao nilisaga mimi. Dona, maana ukikoboa kilo zinapungua na mwaka ule chakula kilikuwa cha kuhesabu. Hawajanilaumu hata siku moja, na ndilo linaloniuma.

Mkutano ujao uko gulioni na maswali yanaruhusiwa. Nimuulize nini huyu shemeji bila kuonekana namdhalilisha, au nimetumwa na mpinzani wake?

Dalali_Kibaigwa
Shikamoo mama. Pole sana. Nitasema usilolipenda: huyo bwana hajaokota maneno hewani. Mwezi wa tatu 2021 Kenya walizuia mahindi yetu mpakani, sababu sumukuvu. Baada ya siku chache wakaruhusu kwa masharti ya vyeti, lakini mimi nilikuwa na mzigo wa watu na bei ilishaanguka. Tangu hapo mnunuzi akitaka kumkaba mkulima anachota kiganja, ananusa, anatikisa kichwa: "Haya yana sumukuvu." Kipimo hana. Anakata bei. Jioni mahindi yale yale anayachanganya na mengine anapakia kwenye fuso. Mkulima aliyefanyiwa hivyo misimu mitatu, akija mtu kumwambia sumukuvu ni uongo, atampa kura na mbuzi juu.

Na wataalamu nao wana yao. Waingereza walikuja hapa Kongwa 1947 na wataalamu na matrekta walime karanga. Ziko wapi?

BwanaShambaMstaafu
Dalali, kwa habari ya bei nakuunga mkono kabisa, na ningependa wenzangu wa kilimo wakusome. Ila kwa Kongwa umegeuza kibao. Pale utaalamu haukupewa nafasi. Ujumbe uliokuja kukagua nchi ulizunguka wiki tisa tu, na shamba la majaribio halikuwepo. London walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, wanasiasa wakataka majibu ya haraka. Mwaka wa kwanza walipanga eka 150,000, hata eka 10,000 hawakufikisha kusafisha. Udongo wetu ule mwekundu ukikauka unakuwa sakafu, majembe ya trekta yakaliwa, mvua nayo ikawa ya Kongwa, si ya kwenye makaratasi. Januari 1951 wakafunga hesabu. Kwa hiyo ukitaka mfano wa mwanasiasa kubishana na udongo, unao hapo mlangoni kwako.

Mama, ushauri wangu: usimuulize kama anaamini au haamini. Mtu akishasema jambo mbele ya umati hawezi kulimeza mbele ya umati ule ule. Nenda na chupa.

Chukua chupa ya soda ya kioo, kavu kabisa. Tia chumvi kavu kiasi cha kufunika kitako (ianike juani kwanza, chumvi ya dukani huwa na unyevu wake), halafu mahindi mpaka theluthi ya chupa. Ziba, tikisa vizuri, iache robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayafai kuingia ghalani. Ikianguka chini, yamekauka vya kutosha kupukuchuliwa, ila kwa kuhifadhi miezi mingi nataka yafike 13. Nimewafundisha hivyo wakulima miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunibishia chumvi.

Ukiweza waeleze na hili: ukungu unapenda unyevu, lakini sumu yenyewe huioni, na ukipika ugali haiondoki. Kukoboa kunapunguza, kuchambua kunapunguza, kuanika kwenye turubai na kuweka magunia juu ya chaga kunazuia. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inasaidia pia, mradi mahindi yaingie makavu.

KijanaWaUDOM
Mama mpe mfano wa Afrika Kusini. Rais Mbeki alitilia shaka kwamba virusi ndivyo vinavyoleta UKIMWI, waziri wake wa afya akawa anahubiri vitunguu saumu na limau, dawa zikachelewa. Watafiti wa Harvard walikadiria maisha zaidi ya 330,000 yalipotea kati ya 2000 na 2005. Kiongozi akikataa sayansi watu wanakufa, hoja imeisha.

MamaMashine
Asante mwanangu, na nimekuelewa. Lakini nikisimama gulioni nikamtaja Mbeki na Harvard, kabla sijakaa watakuwa wameshauliza nimelipwa shilingi ngapi. Ya chupa nimeipenda.

Mpita_Njia
Chupa inapima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyopigwa na ukame yanaweza kuota ukungu yakiwa bado shambani, ukayavuna na kuyakausha vizuri na sumu imo.

BwanaShambaMstaafu
Kweli tupu. Ndiyo maana maabara zipo. Lakini maabara haiwezi kuja gulioni Jumamosi, chupa inaweza.

MamaMashine
Nimerudi, gulio lilikuwa jana.

Nilikwenda na chupa mbili na mahindi ya aina mbili, ya kwangu na ya jirani aliyekubali (alikuwa hajamaliza kuanika). Nilipopewa kipaza sauti shemeji akaniwahi: "Shemeji, na chupa tena, umeanza uganga?" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana amenirahisishia. Nikatikisa zote mbili, nikampa azishike yeye mwenyewe wakati nauliza. Nikamwambia mheshimiwa, umesema wanunuzi wanatunyonya kwa kunusa. Ni kweli. Sasa ukishinda, kata yetu itapata lini kipima unyevu hapa gulioni, mnunuzi asome namba na sisi tuisome, aache kunusa?

Hapo Dalali, maneno yako yalifanya kazi. Waliompigia yeye makofi juzi ndio walionipigia mimi. Akaahidi kitakuwa kitu cha kwanza. Mnajua ahadi. Halafu mzee mmoja wa mbele akamwambia, "Hebu tuone hizo chupa." Akaziinua. Moja kioo safi, nyingine imepakaa chumvi mpaka shingoni. Mzee akauliza ya nani hiyo, nikasema sitaji.

Kuhusu sumukuvu yenyewe hakurudi nyuma. Alisema tu "hilo tutaliangalia", akahamia kwenye barabara. Kura yangu ameitoa mfukoni mwake, nimeishika mimi kwa sasa. Wale wa ile nyumba ya 2016 walikuwepo, walisimama nyuma karibu na wauza nyanya. Sikuwaangalia sana.

Leo asubuhi dereva wake kasimamisha pikipiki hapa mashineni, anataka kuazima chupa. Nimempa. Chumvi nimemwambia aje na yake.